Kidole cha Shahada cha B.B. King

Ukitaka kumjua B.B. King, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, anza na kitu alichoshindwa. Mpiga bluzi Bukka White, binamu wa mama yake, alikuwa akivaa mrija wa chuma kidoleni na kuuteleza juu ya nyuzi, gitaa likalia kama mtu. Kijana Riley King, kama B.B. alivyoitwa wakati huo, alifika kwake Memphis mwaka 1946, akakaa karibu miezi 10, akaujaribu mrija huo na vidole vikakataa. Sauti aliitaka, chuma hakukiweza. Basi akaitafuta kwa kidole kitupu: anaubana uzi, anautikisa, anasikiliza, anautikisa tena. Alilisimulia hilo mwenyewe mara nyingi hadi uzeeni. Mtetemo uliozaliwa pale ndio saini yake. Mtu akisikia nota moja tu redioni anajua nani anapiga.

Kulikuwa na mawili mengine aliyoyakiri waziwazi. La kwanza, akordi, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, zilimshinda. Aliporekodi na bendi ya U2 aliwaambia hivyo bila kuficha, wakawapa wengine kazi hiyo. La pili, hakuweza kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Akiimba, gitaa linanyamaza. Akipiga, mdomo unafungwa. Mambo hayo matatu yakiwekwa pamoja unapata mtindo mzima wa solo la bluzi la umeme kama lilivyosikika kwa miaka 60 iliyofuata, kutoka Chicago hadi London. Ndiyo maana nasema mpiga gitaa anayetaka kujifunza kutoka kwake asianze na kasi.

Alizaliwa Septemba 16, 1925, Berclair, karibu na mji wa Itta Bena, Mississippi, katika familia ya wakulima wa kugawana mavuno: unalima pamba kwenye ardhi ya mtu, mavuno mnagawana, na deni la duka la shambani linabaki kwako. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Kilmichael, alikolelewa upande wa bibi yake, kulikuwa na mchungaji aitwaye Archie Fair aliyepiga gitaa ibadani, na huyo ndiye aliyemwonyesha akordi za kwanza. Ndugu mmoja wa kike wa familia alikuwa na gramafoni na santuri za Blind Lemon Jefferson na Lonnie Johnson. Gitaa lake la kwanza liligharimu dola 15. Baadaye, karibu na Indianola, akawa dereva wa trekta, kazi ya heshima kuliko kuchuma pamba. Siku moja aliruka chini kabla injini haijatulia. Trekta likajisukuma mbele na bomba la moshi likavunjika ghalani. Kwa hofu ya bosi akachukua gitaa lake na dola 2 na nusu, akaomba lifti hadi Memphis. Baadaye alirudi, akalipa deni la trekta, na mwishoni mwa 1948 akaondoka tena, safari hii moja kwa moja.

Sasa tuuangalie mkono wenyewe.

Wapiga gitaa wengi hulikumbatia shingo la gitaa: gumba limekaza nyuma au juu, kiganja kimeshika. B.B. King, kidole cha shahada kikishatua kwenye uzi, analiachia gumba. Kiganja kinaachana na shingo, vidole vingine vinafunguka na kupepea hewani. Kinachogusa gitaa ni ncha ya kidole kimoja tu. Mwendo unatoka kwenye kifundo cha mkono, kama mtu anayezungusha kitasa cha mlango huku na huku kwa haraka, na uzito wa mkono mzima unaning'inia kwenye ncha hiyo.

Ukitaka kuujaribu, weka kidole cha shahada kwenye uzi wa pili (ukihesabu kutoka ule mwembamba), freti ya 10, yaani nafasi ya 10 kati ya vipande vya chuma vya shingo. Piga nota, liachie gumba, kisha zungusha kifundo. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 na upate mizunguko minne kwa kila pigo, iliyo sawasawa, kabla ya kuongeza mwendo. Kitakachokuharibia kwanza ni tyuni. Uzi ukisukumwa upande wowote unakaza tu, haulegei. Kwa hiyo sauti inaweza kupanda, haiwezi kushuka chini ya pale ulipoanzia. Kama kila wimbi halirudi hadi mwanzo, nota nzima inakaa juu kidogo na msikilizaji anasikia gitaa limepotea. Kitakachokuharibia pili ni gumba. Likibaki limekaza, mtetemo unatoka kwenye kiungo cha kidole, unakuwa mdogo na wenye woga, na baada ya dakika mbili mkono unakakamaa.

Nyuzi nazo zina neno. Seti iliyouzwa na kampuni ya magitaa ya Gibson kwa jina lake ilikuwa 10, 13, 17, 32, 45 na 54, kwa elfu za inchi. Juu nyembamba, chini nene kabisa. Tatu za juu ndizo zinazovutwa, na zile za chini zinabaki na mwili wa sauti. La kuangalia ni uzi wa tatu: uwe mtupu, usiwe wa kusokotwa. Uzi wa tatu uliosokotwa, kama walivyotumia wapigaji wengi wa zamani, unaukatalia mkono; utavuta hadi kucha iume na sauti itapanda nusu ya unachotaka.

Sehemu anayoipenda kwenye shingo, ile ambayo wapiga gitaa duniani kote wameipa jina lake, ni ndogo ajabu. Walioimba kwaya kwa do-re-mi watanielewa haraka kuliko waliojifunza kwa herufi, basi nitumie hiyo. Tuko kwenye funguo ya A. Do iko uzi wa pili, freti ya 10, chini ya kidole cha shahada. Re iko uzi huohuo, freti ya 12, kidole cha pete. Uzi wa kwanza, freti ya 10 ni fa, na ya 12 ni sol. La iko uzi wa tatu, freti ya 11, kidole cha kati. Basi. Sehemu tano, zote ndani ya freti tatu.

Utauliza mi iko wapi. Mi haikai mahali, inavutwa. Unabana re kwa kidole cha pete, vidole viwili vya nyuma yake vinasaidia, unausukuma uzi kuelekea nyuzi nene hadi re inapanda toni nzima na kuwa mi. Hapo ndipo penye sauti ya binadamu, kwa sababu kati ya re na mi kuna njia, na yeye anaitembea kwa mwendo anaotaka. Mara nyingine anasimama katikati, juu kidogo ya mi iliyoshushwa lakini chini ya mi kamili, mahali ambapo kinanda hakina kibonyezo. Kwa anayeanza, kabla ya kuvuta, piga kwanza freti ya 14 kwenye uzi huohuo wa pili. Hiyo ndiyo mi unayoitafuta. Sikiliza, rudi freti ya 12, vuta hadi zilingane. Fanya hivyo mara 20 kabla ya kuongeza kitu kingine. Solo nyingi za bluzi zinazosikika kama zina kasoro isiyoelezeka, kasoro yake ni hii: mi haijafika, au imepitiliza.

Na kisehemu hicho kidogo kinatosha akordi zote tatu za bluzi ukijua unalolifanya. Bendi ikiwa kwenye A7, vuta re toni nzima. Bendi ikihamia D7, vuta nusu toni tu, upate C, ambayo ndiyo nota ya saba ya D7. Au tua kwenye la, ambayo ni ya tatu yake. Ikifika E7, re isiyovutwa kabisa ni ya tano yake, na fa kwenye uzi wa kwanza ni ya saba. Kidole kilekile, freti ileile, na kinachobadilika ni kiasi cha kuvuta. Mtu aliyesema haziwezi akordi alizisikia vizuri kuliko wengi wanaozikamata.

Jambo la kuimba na kupiga kwa zamu linahitaji kueleweka kwa hesabu yake. Bluzi ya kawaida ina hatua 12, kila hatua mapigo manne, na zimegawanyika mafungu matatu ya hatua nne. Mstari wa maneno unakula takriban hatua mbili na kidogo, kisha mwimbaji ananyamaza. Zile zinazobaki, karibu hatua mbili, ni za gitaa. Kwa hiyo katika kila ubeti gitaa lina nafasi tatu fupi za kuitikia, na mpigaji mwenye pupa anaanza kabla sauti haijamalizika au anapitiliza hadi mstari unaofuata. B.B. King kwa kutoweza kufanya yote mawili alilazimika kuheshimu mipaka hiyo, na akajifunza kuzijaza nafasi hizo kwa nota nne au tano, mara nyingine moja. Wapenzi wa dansi wanaijua ladha hii, pale solo linapomwitikia mwimbaji bila kumkanyaga.

Memphis ilimpa redio. Kwanza alipiga kwenye kipindi cha Sonny Boy Williamson, yule wa pili aliyeitwa Rice Miller, huko West Memphis ng'ambo ya mto. Kisha akaingia WDIA, kituo kilichokuwa kimegeuza vipindi vyake kwa wasikilizaji weusi, akiimba tangazo la dawa ya kuongeza nguvu iitwayo Pepticon. Wakamwita Beale Street Blues Boy, jina likafupishwa Blues Boy, na mwisho zikabaki herufi mbili. Kazi ya utangazaji ilimpa pia shule: santuri zote za kituo zilikuwa mbele yake, na hapo aliwasikiliza wapiga gitaa T-Bone Walker, Charlie Christian na Django Reinhardt, na mpiga saksafoni Louis Jordan. Sauti ya shaba na jazi iliyomo kwenye nyimbo zake, ambayo wapiga bluzi wa Chicago hawakuwa nayo kwa kiasi hicho, imetoka huko.

Habari ya Lucille, gitaa lake, imesimuliwa sana, nitaipitia kwa ufupi. Majira ya baridi ya 1949, kijiji cha Twist, Arkansas, ukumbi ulikuwa unapashwa moto kwa pipa lenye mafuta ya taa. Wanaume wawili wakapigana, pipa likaanguka, moto ukashika. B.B. alishatoka nje akakumbuka gitaa, akarudi ndani kulichukua na nusura afe. Kesho yake akaambiwa ugomvi ulikuwa wa mwanamke aitwaye Lucille, mfanyakazi wa pale. Akalipa gitaa jina hilo, na yote yaliyofuata, ili ajikumbushe asirudie upumbavu ule.

Lucille tunayemjua kwa picha ni Gibson wa aina ya ES-355, jeusi, lenye mwili mwembamba ulio wazi kwa sehemu ndani. Magitaa hayo kwa kawaida yana matundu mawili yenye umbo la herufi f, na matundu hayo ndiyo yaliyomsumbua. Sauti ya spika inarudi ndani ya mwili, mwili unatetemeka, nyuzi zinatetemeka nao, pikapu, sumaku iliyo chini ya nyuzi, inazisoma na kuzipeleka tena kwenye spika. Mzunguko huo ukijifunga, gitaa linapiga yowe. Katika ukumbi mkubwa, sauti ikiwa juu, huwezi kuendelea. Alikuwa akijaza vitambaa ndani kupitia matundu hayo, akaendelea na shoo. Gibson walipomtengenezea toleo lake mwaka 1980 waliyaziba kabisa, na wakaweka mkia wenye skrubu ndogo za kutyuni uzi mmoja mmoja bila kugusa vichwa vya juu. Swichi ya Varitone ya ngazi sita, ya kubadili rangi ya sauti, ilibaki.

Ampli aliyoitumia miaka mingi ilikuwa Lab Series L5, wati 100, spika mbili za inchi 12, ya transista. Kabla yake alipenda Fender Twin Reverb. Nalisema hili kwa sababu kuna imani kwamba bluzi haipatikani bila valvu, zile taa za ampli za zamani, zilizochemshwa hadi zikwaruze. Sauti yake ilikuwa safi, na kwa sababu ilikuwa safi, kila kosa la kuvuta linasikika. Ukiongeza mkwaruzo kuficha mi ambayo haijafika, umejinyima mwalimu.

Wimbo uliomtoa ulikuwa Three O'Clock Blues, wa Lowell Fulson kwa asili, uliorekodiwa mwaka 1951 katika jengo la YMCA Memphis. Mwanzoni mwa 1952 ulikaa namba moja kwenye chati za muziki wa watu weusi kwa wiki tano. Kisha ikaja barabara. Mwaka 1956 peke yake alipiga maonyesho 342. Wanamuziki wote ndani ya basi, kumbi za watu weusi kusini nzima, usiku mmoja hapa, kesho kilomita mia kadhaa mbele. Mwaka 1958 basi lake liligongana na lori la gesi huko Texas, wakati bima yake imesimamishwa. Yeye hakuwemo. Watu waliokuwa kwenye lori walikufa, na deni likamkalia kwa miaka.

Ukiwa na saa moja tu ya kumsikiliza, isikilize albamu ya Live at the Regal, iliyorekodiwa ukumbi wa Regal, Chicago, Novemba 21, 1964. Wengi huisikiliza kwa ajili ya solo. Mimi nasema sikiliza watu. Hadhira ya Regal inapiga kelele katika zile hatua mbili alizoziacha, na yeye anawangoja. Kwenye How Blue Can You Get bendi inakata ghafla, kila mstari unabaki peke yake hewani, na ukumbi unajibu kabla gitaa halijajibu. Anapoanza solo, nota ya kwanza anaipiga mara moja, anaitetemesha, ananyamaza. Mpigaji wa kawaida angekuwa ameshapiga nota 12.

Miaka hiyo vijana weusi walikuwa wanahamia muziki wa soul, na bluzi ikaonekana muziki wa wazee wa shambani. Aliyemfungulia mlango mwingine ni kizazi cha wapiga gitaa weupe waliomtaja kila walipohojiwa. Mwaka 1967 alipopanda jukwaa la Fillmore, San Francisco, ukumbi wa vijana wenye nywele ndefu ulisimama kabla hajapiga chochote, naye akalia machozi. Mwaka 1969 akaifungulia bendi ya Rolling Stones katika ziara yao ya Marekani.

Juni mwaka huohuo, New York, akarekodi The Thrill Is Gone, wimbo wa Roy Hawkins wa 1951 ambao alikuwa ameubeba kichwani kwa miaka bila kuupatia sura. Mtayarishaji Bill Szymczyk akaongeza vinanda vya nyuzi baada ya bendi kumaliza. Ukafika namba 15 kwenye chati kuu ya Marekani na kumpa tuzo ya Grammy. Kwa anayetaka kuupiga: ni B mainori, hatua 12, lakini si mpango wa kawaida. Hatua nne za B mainori, mbili za E mainori, mbili za B mainori, moja ya G, moja ya F#7, kisha mbili za B mainori. Hapo kwenye G kwenda F#7 ndipo bendi nyingi zinapojikwaa kwa kupiga mpango wa mazoea. Na kidole cha shahada kikiwa freti ya 12 ya uzi wa pili, ukivuta kutoka freti ya 14, vuta nusu toni na uishie hapo. Ukivuta toni nzima umepata D#, wimbo umegeuka mejari, na huzuni yote imemwagika.

Septemba 1974 alikuwa Kinshasa, kwenye tamasha la siku tatu lililoandaliwa na Hugh Masekela na Stewart Levine kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, lakini muziki ukaendelea. Jukwaa lilelile lilikuwa na James Brown, Celia Cruz, Miriam Makeba, Tabu Ley, na Franco na TPOK Jazz. Wanaopenda magitaa ya Kongo wangepaswa kusikiliza tamasha hilo kwa jozi: Franco anayeurudia mzunguko mmoja hadi ukawa ngoma, na B.B. anayepiga The Thrill Is Gone kwa kuacha nafasi.

Hakuacha kusafiri. Alipata kisukari aina ya pili mwaka 1990, miguu ikachoka, akaanza kupiga akiwa amekaa kwenye kiti. Mkono wa kushoto ukabaki vilevile. Mwaka 2000 akatoa albamu na Eric Clapton, Riding with the King. Jumla ya Grammy zake ikafika 15. Onyesho la mwisho lilikuwa Chicago, Oktoba 3, 2014. Aliishiwa nguvu na ziara ikafutwa. Alifariki Las Vegas, Mei 14, 2015, akiwa na miaka 89.

Mwili ulipitishwa Beale Street, Memphis, ukarudishwa Indianola, akazikwa kwenye uwanja wa makumbusho yaliyofunguliwa kwa jina lake mwaka 2008. Makumbusho hayo yamejengwa pamoja na kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, cha matofali mekundu, alikowahi kufanya kazi kabla ya redio na kabla ya Lucille.